DNA ni ileile, mbona ini na utumbo vinatoa protini tofauti? Uzi kuhusu uhariri wa RNA kwenye seli za wanyama

Mwalimu wa Kiini (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Wiki iliyopita nilikuwa ubaoni nachora ile mishale tuliyokaririshwa wote: DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inasomwa kuwa protini. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo nakala ikishatoka, haiguswi tena?" Nikamjibu juu juu, kengele ikagonga, tukaachana. Tangu siku ile jibu lile linanisumbua, maana ukweli ni mzuri kuliko nilichomwambia. Nakala inaguswa. Inahaririwa. Na si kwa sababu ilikosewa: inatoka sahihi, sawasawa na jeni, halafu kinakuja kimeng'enya kinabadilisha herufi mojawapo kati ya nne za RNA: A, C, G na U.

Nianze na mfano ambao kila mmoja wetu anao tumboni sasa hivi. Mafuta tunayokula hayaelei yenyewe kwenye damu, yanafungwa kwenye vifurushi, na kila kifurushi kinashikwa na protini iitwayo apolipoprotini B, kwa kifupi apoB. Jeni yake ni moja. Ini likiitumia linatoa protini ndefu ya amino asidi 4,536, inaitwa apoB-100. Utumbo mwembamba ukiitumia jeni hiyohiyo unatoa ya amino asidi 2,152, inaitwa apoB-48, kwa kuwa urefu wake ni karibu asilimia 48 ya ile nyingine. Mwaka 1987 watafiti walipolinganisha RNA za pande zote mbili walikuta tofauti ni herufi moja. Kodoni (kundi la herufi tatu linalotaja amino asidi moja) ya 2,153 kwenye ini inasomeka CAA, yaani weka glutamini, endelea. Utumboni inasomeka UAA, yaani simama hapo. Ukipima DNA ya utumbo, inasema CAA kama ya ini.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa APOBEC1. Kinang'oa kundi la amini kwenye C, na C inageuka kuwa U. Kikemia ni kazi ndogo. Kinachonishangaza mimi ni shabaha: RNA ile ina herufi zaidi ya 14,000, nacho kinaiendea ya 6,666. Mbele kidogo ya herufi hiyo kuna mfululizo wa herufi 11 ambao ndio gati. Protini msaidizi inashika pale, na kimeng'enya kinajikuta kimeegeshwa mahali panapotakiwa.

Matokeo yake yanaonekana hadi kwenye damu. Mkia uliokatwa ndio wenye sehemu ya kushikana na kipokezi cha LDL. Kifurushi cha ini kinazunguka siku kadhaa, kinageuka kuwa LDL, ile ambayo daktari anaiita lehemu mbaya. Kifurushi cha utumbo kinashusha mafuta yake upesi, na mabaki yanapokelewa na ini kwa njia nyingine.

Sasa hoja yangu, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Maandishi mengi yatakwambia kazi ya uhariri wa RNA ni kuongeza aina za protini. Mimi nasema kwa binadamu hiyo ni kazi ya pembeni. Kazi kubwa ni kuifanya kinga ya mwili itambue RNA ya nyumbani. Nitarudi kueleza jioni, nina madaftari ya kusahihisha. Karibuni.

Mfugaji wa Handeni

Ahsante mwalimu, nimesoma taratibu na nimeelewa. Swali langu ni la nje kidogo. Kijana wangu yuko chuo cha mifugo, aliniambia haya mambo ya kuhariri RNA yalionekana kwanza kwenye vimelea vya malale, wale wanaoletwa na mbung'o. Ni kweli? Maana sisi ng'ombe wametuangamizia.

Takwimu Kwanza

Mzee wangu, kijana wako yuko sahihi. Mwaka 1986 kundi la Rob Benne kule Amsterdam lilikuwa linachunguza tripanosoma, yaani jamii ya vimelea vya malale, na kwenye RNA ya mitokondria likakuta herufi nne za U ambazo kwenye jeni hazipo popote. Baadaye ikaonekana kwamba kuna RNA za mdudu huyu ambazo zaidi ya nusu ya herufi zake zimechomekwa baada ya kunakiliwa. Jeni peke yake haisomeki. Ni kama barua iliyoandikwa bila irabu.

Ila mfumo wao ni tofauti na wetu. Wao wanachomeka na kuchomoa U. Sisi wanyama hatuchomeki, tunageuza herufi iliyopo kuwa nyingine: C kuwa U kama alivyoeleza mwalimu, au A kuwa kitu kingine ambacho naona hajafika bado.

Nami nitoe angalizo kwa wanaosoma. Kazi yangu ni kuchambua data za jeni, na hapa watu wameumia. Mwaka 2011 ilitoka makala katika jarida kubwa ikisema binadamu ana maelfu ya sehemu ambapo RNA haifanani na DNA, za kila aina, hata zisizoelezeka kikemia. Mwaka uliofuata wachambuzi wengine walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizo zilikuwa makosa ya mashine ya kusoma, au vipande vilivyobandikwa kwenye jeni inayofanana na jeni yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha ya uhariri muulize kwanza: DNA na RNA zimetoka kwa mtu mmoja? Kama hazikutoka kwa mtu mmoja, hujui kama hiyo ni RNA iliyohaririwa au ni tofauti tu ya kurithi.

Mwalimu wa Kiini

Mkuu Takwimu, nashukuru sana kwa hilo, nitalipeleka darasani kama lilivyo.

Nimerudi. Hicho "kitu kingine" kinaitwa inosini. Kimeng'enya ADAR kinang'oa kundi la amini kwenye adenosini, A, inabaki inosini. Ribosomu, mashine ya seli inayosoma RNA na kuunda protini, ikiiona inosini inaisoma kama G. Kwa hiyo kwa maana, A imegeuka G. Lakini ADAR haigusi RNA iliyonyooka. Inataka RNA iliyojikunja ikajishika yenyewe, nyuzi mbili zikalala sambamba. Shughuli hii ilionekana mara ya kwanza mwaka 1987 kwenye mayai ya chura wa maabara, Xenopus, na hapo mwanzo ilidhaniwa kimeng'enya kinafumua tu zile nyuzi mbili. Mwaka uliofuata ndipo ilipothibitika kwamba zinafumuka kwa sababu herufi zimebadilishwa na hazishikani vizuri tena. Likumbukeni hili la kufumuka, ndilo kiini cha hoja yangu.

Tuna ADAR mbili zinazofanya kazi, ADAR1 na ADAR2. Uzuri wa baiolojia ni kwamba ukitaka kujua kitu kina kazi gani, unakiondoa kwa panya uone anakufa kwa nini, halafu unatafuta ni kitu gani kimoja ukirekebisha hafi. Hilo la pili ndilo linalofundisha.

Anza na ADAR2. Panya asiye nayo anazaliwa, anapata degedege, na ndani ya wiki tatu hivi amekufa. Kimeng'enya hiki kinahariri RNA nyingi za ubongo, ungedhani kuokoa mnyama huyo haiwezekani. Lakini tangu 1991 kundi la Peter Seeburg kule Heidelberg lilishajua shabaha moja ya ajabu: kipokezi cha glutamati (kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya neva) kinachoitwa GluA2. Mahali pamoja jeni inasema CAG, glutamini. Kwenye ubongo wa mtu mzima karibu kila nakala imehaririwa ikawa CIG, inayosomwa CGG, arginini. Arginini ina chaji chanya, nayo imekaa kwenye koo la mlango wa kipokezi, kwa hiyo kalsiamu yenye chaji chanya inasukumwa nje. Bila uhariri ule kalsiamu inamiminika ndani ya seli ya neva hadi inaiua. Basi mwaka 2000 wakatengeneza panya asiye na ADAR2, ila kwenye jeni ya GluA2 wakaandika arginini moja kwa moja ndani ya DNA. Panya wakaishi, wakaonekana wazima. Shabaha zote zile, na iliyokuwa inaua ni herufi moja.

Sasa ADAR1. Panya asiye nayo hafiki hata kuzaliwa, anafia tumboni kwenye siku ya 12 hivi. Ini, ambalo kwa kijusi ndilo linalotengeneza damu, linaharibika, na interferoni, yaani kemikali za kinga za kutangaza hatari, zimepanda kupita kiasi, kana kwamba kijusi kinapigana na virusi. Virusi hakuna. Mwaka 2015 watafiti walitumia panya ambaye ADAR1 yake ipo lakini haina uwezo wa kuhariri. Naye akafia tumboni. Halafu wakaondoa protini moja ya ulinzi, MDA5. Watoto wakazaliwa, wakakua.

Hiyo MDA5 ni mlinzi anayekaa kwenye saitoplazimu akipapasa RNA. Akikutana na RNA ndefu ya nyuzi mbili anapiga kelele, kwa kuwa virusi vingi vikijizalisha huacha RNA ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe tunazitengeneza. Jenomu ya binadamu ina vipande viitwavyo Alu, kila kimoja herufi kama 300, na viko zaidi ya milioni moja, karibu asilimia 10 ya DNA yetu yote. Alu mbili zikikaa kwenye RNA moja zikitazamana, zinajikunja na kushikana kama mikono miwili iliyokumbatiana. Mlinzi akipapasa, anaona adui. ADAR1 inapita mapema, inageuza A hapa na pale kuwa inosini, mkumbatio unalegea, mlinzi anapita bila kusema kitu.

Uhariri mwingi wa RNA kwa binadamu uko huko kwenye Alu, sehemu zisizotoa protini yoyote. Ukihesabu sehemu zote zinazoweza kuhaririwa unapita milioni 100. Zile zinazobadilisha protini na zikahifadhiwa kutoka mamalia mmoja hadi mwingine ni makumi kadhaa tu. Ndiyo maana nikasema kuongeza aina za protini ni kazi ya pembeni.

Nesi wa Zamu

Mwalimu, hapa umenigusa. Nimefanya wodi ya watoto miaka kumi na moja. Kuna mtoto simsahau. Alikuja na miezi minne, homa zinakuja na kuondoka, kichwa hakikui, analia mchana na usiku, misuli imekaza. Tulidhani ni maambukizi aliyoyapata tumboni kwa mama. Vipimo vyote tulivyoweza kupima havikuonyesha kitu. Picha ya ubongo ilionyesha madoa ya kalsiamu. Hatukuwahi kupata jina la ugonjwa. Naomba kuuliza, hili la kinga kupigana na virusi ambavyo havipo, linatokea kwa watoto wa binadamu?

Mwalimu wa Kiini

Pole sana dada, na pole kwa mama yake. Siwezi kusema mtoto yule alikuwa na nini, lakini swali lako jibu lake ni ndiyo. Unaitwa ugonjwa wa Aicardi-Goutières, kwa majina ya madaktari wawili walioueleza mwaka 1984. Unafanana kiasi hicho na maambukizi ya tumboni: homa bila kidudu, kalsiamu kwenye ubongo, interferoni juu. Unatokana na jeni kadhaa tofauti, na mwaka 2012 ADAR1 iliongezwa kwenye orodha hiyo. Jeni nyingine kwenye orodha ni ya MDA5 yenyewe, pale mlinzi anapozaliwa mkali kupita kiasi. Upande mmoja ni anayetuliza, upande mwingine ni anayepiga kelele, na ukiharibika wowote ugonjwa ni uleule.

Nakushukuru kuliandika hili.

Nesi wa Zamu

Ahsante mwalimu. Nimekaa nalo.

Swali la pili, kwa ajili ya wazazi wanaotuuliza kila kliniki. Kama herufi inaweza kubadilishwa kwenye RNA, selimundu je? Si ni herufi moja ile?

Takwimu Kwanza

Dada, hili niruhusu nilijibu kwa urefu, kwa kuwa mitandaoni watu wanauziwa matumaini.

Selimundu ni herufi moja kweli. Kodoni GAG ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, imekuwa GTG, kwenye RNA inasomeka GUG, na asidi ya glutamiki imekuwa valini. Ili kuirudisha unahitaji kugeuza U kuwa A. Vimeng'enya tulivyotaja vinajua njia mbili: A kwenda inosini, na C kwenda U. Hakuna kinachogeuza U kuwa A. Kwa hiyo njia hii ya asili haiifiki selimundu. Tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, Casgevy, inakata DNA ya seli mama za damu ili himoglobini ya kichanga irudi kufanya kazi. Hiyo si RNA kabisa.

Ugonjwa ambao njia hii inauweza ni ule ambapo G ya kawaida imekuwa A. Mfano ni upungufu wa alfa-1 antitripsini, unaoharibu mapafu na ini, na umeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Oktoba 2024 kampuni ya Wave Life Sciences ilitangaza matokeo ya wagonjwa wawili wa kwanza. Walidungwa kipande kifupi cha herufi za kutengenezwa, kikaenda kwenye ini, kikajishika na RNA yenye kosa, pakatokea nyuzi mbili, na ADAR ya mgonjwa mwenyewe ikaja kufanya kazi yake. Protini sahihi ikaonekana kwenye damu. Hawakuingiza kimeng'enya chochote, walikiita tu kilichopo. Na RNA ikishakufa mabadiliko yanakwisha, kwa hiyo dawa ikikudhuru unaacha. Kwenye DNA huna nafasi hiyo.

Binti Jambiani

Assalaam alaykum. Mwalimu, nimefuata uzi tangu juu na nimefaidi mno, ila kwenye hoja yako kuu nakupinga. Wewe umesema kuongeza aina za protini ni kazi ya pembeni. Umewasahau pweza.

Mimi nimekulia Jambiani. Bibi yangu bamvua likitoka alikuwa akinichukua miambani na kijiti chenye ncha. Mtu asiyejua anapita juu ya pweza asimuone. Bibi anatazama shimo, anaona magamba ya kaa yametupwa mlangoni, anajua yumo. Akichokolewa anatoka, na rangi inamgeuka mara tatu kabla hajafika mkononi: kahawia, nyeupe, kisha mabaka. Nimesoma viumbe vya bahari kwa sababu ya mnyama huyo.

Sasa takwimu zake. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba ngisi wa Atlantiki, Doryteuthis pealeii, ana zaidi ya sehemu 57,000 ambapo uhariri unabadilisha protini. Protini, si Alu. Pweza na dome nao wakakutwa hivyohivyo, hasa kwenye neva. Nautilasi, binamu yao mwenye kombe, hana wingi huo. Na kwenye ngisi uhariri unaendelea hadi ndani ya mkono mrefu wa seli ya neva, mbali na kiini.

Tena una faida inayopimika. Mwaka 2012 walilinganisha pweza wa Antaktika na pweza wa maji ya joto ya Puerto Rico. Mlango wa potasiamu wa neva zao, ukisoma jeni, unakaribia kuwa uleule. Ila pweza wa baridi anahariri mahali pamoja panapofanya mlango ujifunge upesi zaidi, kwa kuwa kwenye baridi kila kitu kinakwenda polepole. Na mwaka 2023 waliwaweka pweza wa California kwenye matangi, wengine kwenye maji ya nyuzijoto 13, wengine 22. Sehemu zaidi ya 13,000 zikabadilika kiwango cha uhariri, karibu zote zikipanda kwa wale wa baridi. Mabadiliko yalianza ndani ya saa chache. Mnyama haoti manyoya, hahami bahari, anaziandika upya protini zake.

Mwalimu wa Kiini

Wa alaykum salaam. Dada, umenisahihisha na nakubali. Niliandika "kwa binadamu", lakini moyoni nilikuwa nawaza wanyama wote, na hapo nilikosea.

Tofauti sasa naiona hivi. Uhariri unaotuliza kinga hauhitaji shabaha kali. Ukigusa A tano katika hamsini mkumbatio umelegea, inatosha. Uhariri wa kubadilisha protini unahitaji RNA ijikunje kwa umbo lilelile vizazi na vizazi ili kimeng'enya kikute A ileile, kwa hiyo herufi za pembeni nazo haziruhusiwi kubadilika. Kazi ya mwaka 2017 ilionyesha gharama hiyo kwa pweza na ngisi: maeneo yanayozunguka sehemu za uhariri yanabadilika polepole kuliko kawaida. Wamejifunga kwenye DNA ili wawe huru kwenye RNA.

Mfugaji wa Handeni

Samahanini, narudi nyuma kwa yule panya aliyeandikiwa arginini kwenye DNA akawa mzima. Kama anaishi vizuri hivyo, kwa nini Mungu asingeiandika hivyo tangu mwanzo? Kuna haja gani ya kuandika kosa halafu kulifuta kila siku?

Mwalimu wa Kiini

Mzee, hilo swali wataalamu wanabishana nalo hadi leo. Hoja ninayoiona ina nguvu ni hii: pengine kimeng'enya kilikuwepo kwanza, kikifanya kazi nyingine. Siku G ilipogeuka kuwa A kwenye jeni, kosa ambalo lingeua halikuua, kwa kuwa kimeng'enya kilikuwa tayari kinalifunika. Kosa likapenya, likakaa, na tangu siku hiyo kimeng'enya hakiwezi tena kuondoka. Kwa maneno mengine, uhariri hauhitajiki kwa sababu una faida mahali pale, unahitajiki kwa sababu uliruhusu kosa liingie. Kwa pweza na baridi hoja hii haitoshi. Kwa GluA2 naiona inakaa vizuri.

Takwimu Kwanza

Binti Jambiani, pweza wa bibi yako bila shaka ni Octopus cyanea, anayevuliwa sana pwani yetu yote. Bahari ya huko haishuki hadi nyuzijoto 13, lakini pweza anayekaa kwenye dimbwi la mwambani saa za maji kupwa anapata joto lingine kabisa kuliko aliye nje ya mwamba. Nikipata sampuli za pande hizo mbili nitazichambua kwa mikono yangu. Ninachohitaji ni DNA na RNA za mnyama huyohuyo mmoja, kama nilivyosema juu.

Binti Jambiani

Kaka, nipo tayari. Niambie tu sampuli inakatwa wapi na inahifadhiwaje.

Takwimu Kwanza

DNA hata ncha ya mkono inatosha, iweke kwenye spiriti. RNA ndiyo yenye taabu. Nataka ubongo, ule ulio kati ya macho, na utolewe palepale, maana pweza akikaa juani saa moja RNA yake imeshaoza. Ukatwe vipande vidogo kuliko punje ya mahindi, vitumbukizwe kwenye dawa ya kuhifadhia RNA ambayo nitakutumia, halafu kwenye barafu. Na uandike joto la maji pale alipotolewa, kabla hujamgusa. Kibali cha utafiti tukishughulikie kwanza.

Binti Jambiani

Sawa. Bibi anasema bamvua la mwezi ujao ni kubwa. Yeye atatuonyesha mashimo, ila anataka nyama iliyobaki.